Jua, kivuli na chupa nyeupe: mwanga unavyozipunguza nguvu dawa za mimea

Kila anayepewa chandarua kipya chenye dawa huambiwa akitundike kivulini kwa saa 24 kabla ya kukilalia, na siku atakapokifua asikianike juani. Maelekezo hayo yamerudiwa kliniki za wajawazito, shuleni na redioni hata yamezoeleka. Kupunga hewa kunapunguza mwasho wa ngozi, hilo watu wanalijua. Sababu ya kivuli ni wachache waliowahi kuelezwa, na inaanzia mbali kidogo na mbu: kwenye ua jeupe lenye moyo wa njano linalolimwa Mafinga, Makete, Molo na Kinangop, yaani pareto.

Ndani ya pareto mna viambato sita vya jamii moja viitwavyo pairethrini. Vinamwangusha mdudu kwa dakika chache na kumdhuru mtu kidogo sana, ndiyo maana viliingia hata kwenye dawa za chawa za kupaka kichwani. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 Kenya iliongoza dunia kwa kuuza pareto, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa. Kasoro ya dawa hii ilijulikana mapema: haistahimili jua. Ikinyunyizwa juu ya majani asubuhi ya jua kali, hadi jioni sehemu kubwa imeshavunjika. Kwa mama anayepuliza chumbani hilo si tatizo, pengine ni neema, kwa kuwa sumu haibaki. Kwa mkulima wa pamba ni hasara tupu. Wanakemia wa kituo cha Rothamsted nchini Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walizibadilisha zile sehemu za molekuli zinazonasa mwanga, na mwaka 1973 wakatangaza permethrini, ndugu wa pareto anayevumilia jua kwa muda mrefu zaidi. Jamii hiyo ya dawa ndiyo iliyokuja kutiwa kwenye nyuzi za vyandarua, vikiwemo vinavyotengenezwa Arusha. Udhaifu wa ua mbele ya jua ukawa mojawapo ya mambo yaliyompunguzia mkulima wa Molo soko lake. Hata hivyo permethrini nayo inachoka ikikaa juani mara kwa mara, na ndipo lilipotoka lile agizo la kivuli.

Basi ikiwa ua moja linaweza kupoteza nguvu kati ya asubuhi na jioni, tuseme nini kuhusu unga wa mlonge, manjano, majani ya mwarobaini, maua ya rozela na mafuta ya karafuu, vitu vinavyopangwa mbele ya duka kwenye chupa nyeupe zinazoonyesha, jua likivipiga kuanzia saa mbili asubuhi? Wazee wana jibu fupi: dawa huanikwa kivulini. Jibu ni zuri, ila linaishia siku ya kuanika. Dawa ikishakauka ndipo safari yake inapoanza, na kwa biashara ya leo safari hiyo ni ya miezi. Mganga wa zamani alichimba mzizi asubuhi akauchemsha jioni. Hakuwa na haja ya kujiuliza chupa yake inapitisha mwanga kiasi gani. Sisi tunaosaga, kufungasha na kusafirisha kutoka Tanga hadi Dubai tunayo haja hiyo, na bado tunatumia akili zetu zote kwenye siku tatu za kukausha, kisha tunaisahau miezi minane ya rafuni.

Kanuni ya kwanza ya jambo hili ina umri wa karne mbili. Grotthuss mwaka 1817, na Draper baadaye kwa upande wake, walionyesha kwamba mwanga unaopita tu haufanyi kitu. Unaofanya kazi ni ule unaonaswa. Kitu kisichonasa mwanga unaokifikia hakidhuriki nao moja kwa moja hata ukiwa mkali namna gani. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu mmea wowote wa dawa ni hili: kiambato chake kinanasa mwanga wa aina gani? Kikiwa na rangi, tayari tunajua kwamba kinanasa mwanga unaoonekana, maana rangi yenyewe ndiyo ushahidi. Kikiwa cheupe, huenda kinanasa mionzi ya urujuanimno tusiyoiona. Mionzi hiyo ndiyo mikali zaidi. Mwanga wa nanomita 300 hubeba nishati ya karibu kilojuli 400 kwa kila moli, ambayo inatosha kukata vifungo vingi vya kaboni. Mwanga mwekundu hauna hata nusu ya nguvu hizo.

Hiyo ni njia moja ya uharibifu. Ya pili ni ya kijanja zaidi, na ndiyo inayoyatafuna majani yetu. Klorofili, ile rangi ya kijani, hunasa mwanga hata jani likiwa limekatwa na kukauka. Jani likiwa hai nishati hiyo hupelekwa kwenye kazi ya kutengeneza sukari, nalo lina walinzi wake wa kuizuia isilete madhara. Likishakufa kazi hiyo haipo tena na walinzi wanapungua siku hadi siku. Nishati inaangukia kwenye oksijeni iliyo jirani na kuigeuza kuwa oksijeni yenye uchu, inayoshambulia chochote chenye kifungo maradufu: karotini, mafuta, vitamini C, sehemu kubwa ya viambato vinavyosifiwa kwenye vibandiko vya chupa. Kiambato chenyewe huenda hakikunasa mwanga wowote, lakini kinaumia kwa sababu ya jirani yake. Ndiyo maana dawa ileile ikiwa imechujwa na kusafishwa inaweza kudumu kuliko ikiwa ndani ya unga wa kijani, na wakati mwingine inakuwa kinyume chake, pale rangi za mmea zinapounasa mwanga kabla haujaifikia dawa. Hapa hakuna kanuni ya jumla; kila mmea unataka kupimwa peke yake.

Historia ya upimaji huo ilianza na dawa ya minyoo. Santonini, fuwele nyeupe zilizotolewa kwenye aina moja ya pakanga ya Asia ya Kati, ilikuwa dawa maarufu ya michango Ulaya yote karne ya 19. Mwaka 1834 mfamasia wa Kijerumani, Trommsdorff, aliandika jambo lililomshangaza: fuwele zikiwekwa juani zinageuka njano, kisha zinapasuka vipandevipande. Wauza dawa walizoea kuzificha gizani bila kujua kwa nini zinalipuka. Jibu kamili lilichelewa mno. Ilikuwa mwaka 2007 ndipo watafiti wa California walipoeleza hatua kwa hatua jinsi molekuli za santonini zinavyojipanga upya ndani ya fuwele zikipigwa na mwanga, hadi fuwele inashindwa kuuvumilia mkazo wake yenyewe. Miaka 173 kati ya swali na jibu. Wakati huo wote chupa ya kahawia ilikuwa ikifanya kazi yake bila kusubiri maelezo.

Orodha ya dawa nyingine zenye tabia hii ni ndefu, na baadhi zimetoka jirani. Kwinini, iliyotengenezwa kwa magome ya mikwinini ya Kivu huko Bukavu, hubadilika rangi ikikaa kwenye mwanga, na vitabu rasmi vya dawa vinaagiza chumvi zake zifichwe. Reserpini, dawa ya shinikizo la damu iliyotambuliwa mwaka 1952 kutoka kwenye mimea ya jamii ya Rauvolfia, ambayo mmojawapo ulichimbwa sana Congo kwa ajili ya viwanda vya Ulaya, hugeuka njano na kuharibika ikiachwa kwenye mwanga. Vinkristini, inayotoka kwenye lile ua la Madagaska linalopandwa mbele ya nyumba nyingi za pwani kama pambo, hufika wodi za saratani na onyo la kuikinga na mwanga. Madaktari wanaozificha dawa hizo wanashughulika na vitu vilevile vilivyomo kwenye mizizi na majani. Tofauti ni kwamba wao wamepima.

Mfano ulio karibu zaidi na jikoni ni manjano. Mtu aliyedondokewa na mchuzi wa manjano kwenye kanzu nyeupe anajua mambo mawili. Akipaka sabuni, doa linageuka jekundu kwa sababu ya magadi yaliyomo. Akianika nguo juani mchana kutwa, doa linafifia, na baada ya siku mbili tatu linaweza kutoweka. Wengi hulisifia jua kwa kazi hiyo. Kilichotoweka ni kurkumini, kiambato kilekile ambacho kibandiko cha kopo la manjano kinakitaja kwa sifa nyingi. Mwanga umeikata molekuli yake vipande vidogo visivyo na rangi, mojawapo vanilini, ndugu wa harufu ya vanila. Sasa chukua unga uleule wa manjano, uutie kwenye chupa nyeupe, uuweke dirishani. Kinachotokea kwenye kanzu kinatokea pia kwenye chupa, ila polepole, kwa sababu unga ni mzito na mwanga unaishia kwenye tabaka la nje. Ukiumwaga unga wa mlonge uliokaa muda mrefu kwenye chombo cheupe utaliona tabaka hilo: pembeni palipogusa ukuta wa chombo pamepauka, katikati bado kijani. Muuzaji anayeutikisa unga wake kila asubuhi ili upendeze anapeleka tabaka jipya mbele ya mwanga.

Mwanga kiasi gani basi ni mwingi? Hapa kuna hesabu inayosaidia. Viwanda vya dawa duniani hufuata mwongozo wa kimataifa wa mwaka 1996 unaotaka dawa mpya ipimwe kwa kuiweka kwenye mwanga wa jumla ya laksi-saa milioni 1.2 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), pamoja na urujuanimno wa wati-saa 200 kwa kila mita ya mraba. Dawa ikibadilika kwa kipimo hicho, lazima ifungwe kwenye chombo cha kuikinga. Jua la utosini katika nchi zetu hufikia laksi 100,000. Gawanya: ni saa 12 za jua la namna hiyo, tuseme siku mbili za anga safi, na sehemu ya urujuanimno inakuwa imetimia ndani ya saa 4 au 5 za mchana. Barazani, kwenye kivuli kilicho wazi, mwanga unaweza kuwa laksi 10,000. Kipimo kinatimia kwa saa 120, yaani siku 10 za saa 12. Ndani ya duka lenye taa za kawaida, laksi 500 hivi, inachukua saa 2,400, sawa na siku 200 za biashara.

Itazame tena hesabu hiyo. Majani yaliyoanikwa juani siku mbili yamepata kipimo kizima cha viwandani. Majani yaliyokaushwa kivulini kwa uangalifu, kisha yakasagwa na kuwekwa barazani kwenye chupa nyeupe, yanakipata kipimo hichohicho kwa siku 10, na mwezi ukiisha yamekipata mara tatu. Ule uangalifu wa kwanza umeshaliwa wote. Ukipita Kariakoo, Gikomba au Darajani utaona mpangilio huo: chupa za mbele, zilizo juani, ndizo zilizopangwa kwa ustadi zaidi.

Isidhaniwe kwamba kila kitu kinaharibika kwa kasi hiyo. Karafuu ndiyo inayokataa. Pemba karafuu huanikwa juani waziwazi, juu ya majamvi, siku nne, tano, hata zaidi mvua ikizingua, na hakuna mtu mwenye akili atakayewaambia Wapemba wahamie kivulini. Tumba la ua linageuka kutoka wekundu wa kijani hadi kahawia, na bado karafuu nzuri hubaki na mafuta ya asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Siri iko kwenye umbo. Mafuta yamehifadhiwa ndani ya vifuko vidogo chini ya ganda, mwanga hauvifikii, na hewa inaingia kwa tabu. Yatoe mafuta hayo nje, kama yanavyotolewa kwenye makonyo kiwandani Wawi, na mambo yanabadilika: mafuta mapya ya rangi ya njano hafifu yakiachwa kwenye chupa nyeupe hukolea hadi kahawia, kwa sababu eujenoli, kiambato chake kikuu kinachotumiwa na madaktari wa meno, haipatani na hewa na mwanga vikija pamoja. Pareto nayo ni hivyohivyo: sehemu kubwa ya dawa yake iko ndani ya mbegu changa katikati ya ua, na ua zima lililokauka hudumu kuliko lililosagwa.

Kutokana na hayo, umbo la dawa lina uzito kuliko jina la mmea. Mzizi mzima, gome nene na mbegu yenye ganda havina hofu kubwa na mwanga. Vinahofia wadudu na ukungu. Jani zima lina hofu ya wastani. Unga una hofu kubwa, kwa kuwa kusaga kunavunja vifuko vyote na kuongeza uso unaoguswa na hewa. Mafuta, dawa ya maji na iliyolowekwa kwenye spiriti ziko hatarini kuliko zote, kwani mwanga unapenya hadi katikati na kila tone linapata zamu yake. Mwenye duka anayeuza mizizi ya mjafari nje na mafuta ya mchaichai ndani kabatini amepanga duka lake vizuri, hata kama alifanya hivyo kwa bahati.

Na mafuta tete yana jambo moja zaidi ambalo wauzaji hawalisemi. Kwa dawa nyingi, kuharibika maana yake ni kupungua nguvu tu. Mtu anakunywa kitu dhaifu na fedha yake inapotea. Mafuta ya maganda ya machungwa, ya mchai wa Australia na mengine yenye limonini au jamaa zake yanapozeeka kwenye mwanga na hewa hutengeneza viambato vipya vinavyowasha ngozi na kuufundisha mwili mzio. Mtu aliyeyapaka mwaka jana bila tatizo anavimba mwaka huu kwa chupa ileile, halafu analaumu mmea.

Jaribio mojawapo lililotenganisha vizuri lawama ya mwanga na lawama ya vitu vingine lilifanywa kwa bangi. Mwaka 1976 Fairbairn na wenzake wa Shule ya Famasia ya Chuo Kikuu cha London waliihifadhi bangi na dondoo zake kwa muda mrefu katika hali tofauti, kwenye mwanga na gizani, kwa joto la viwango mbalimbali. Walikuta kwamba mwanga wa kawaida wa chumbani, bila hata jua la moja kwa moja, ndio uliokuwa sababu kubwa kuliko zote ya kupotea kwa viambato. Bangi iliyokaushwa kwa uangalifu na kuwekwa gizani kwenye joto la kawaida la chumba ilidumu vizuri mwaka mmoja hadi miwili. Polisi na mahakama walilihitaji jibu hilo kwa ajili ya vielelezo vyao. Wauza mitishamba wangelihitaji zaidi, lakini kwa mimea mingi ya kwetu jaribio kama hilo ni adimu.

Sasa kuna mfano unaopindua meza. Pakanga ya Kichina, Artemisia annua, imelimwa Tanzania, Kenya na Uganda tangu dawa mseto za malaria zilipoanza kuhitajika kwa wingi. Artemisinini yake, iliyomletea Tu Youyou tuzo ya Nobel mwaka 2015, ina daraja la oksijeni mbili ambalo kila mwanakemia akiliona anatarajia livunjike kwa urahisi. Mwaka 2010 watafiti nchini Marekani walilinganisha njia za kukausha majani yake: kugandisha, tanuri, kivuli na jua. Majani yaliyogandishwa, njia inayosifiwa kwa upole, yalitoa artemisinini kidogo kuliko mengine yote. Wiki moja ya jua haikuipunguza artemisinini. Sababu ni kwamba ndani ya jani mna mzazi wake, asidi moja ambayo inapokauka polepole huendelea kugeuka kuwa artemisinini, na ile oksijeni yenye uchu tuliyoilaumu juu kwa kuharibu majani ndiyo inayosukuma sehemu ya ugeuzi huo. Kampuni ya Sanofi iliijenga kazi hiyo kiwandani Garessio, Italia: chachu ilitengeneza asidi, kisha taa kubwa na oksijeni zikaimalizia. Mwanga hapo ni fundi. Lakini katika jaribio lilelile la 2010, viambato vingine vya jani, vile vinavyopimwa kwa uwezo wao wa kuzuia kuoksidishwa, vilipungua kwa kivuli na kwa jua. Jani moja, siku ileile, dawa moja imebaki na nyingine imepotea. Na kabla mtu hajakimbilia kuchemsha chai ya pakanga: Shirika la Afya Duniani haliipendekezi kwa kutibu malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa kikombeni hakitabiriki, na dozi pungufu huwapa vimelea nafasi ya kuzoea.

Mwarobaini uko upande wa pili kabisa. Azadirakitini, kiambato chake kinachowafukuza wadudu, huvunjwa na jua kwa siku chache tu, ndiyo maana maafisa ugani huwaambia wakulima wanyunyize jioni. Lakini kinachotafutwa na mtu anayejifukiza kwa majani yake si lazima kiwe azadirakitini, na jani linaweza kubaki kijani huku kiambato hicho kimekwisha. Rangi ni shahidi mzuri kwa manjano, kwa rozela na kwa mlonge, kwa sababu huko kinachofifia kina uhusiano na kinachotafutwa. Kwa mimea mingine shahidi huyo hajui kitu. Mnunuzi anayechagua kwa macho peke yake anapatia mara nyingine na kukosea mara nyingine bila kujua ni ipi.

Kuna hoja ya upande wa jua ambayo watu wa kivuli huipuuza, nami naiona nzito. Kukausha kivulini kunachukua muda, na muda pwani una unyevu. Wakati wa masika majani yanaweza kukaa wiki nzima chini ya paa yakiwa nusu mabichi, na ukungu hausubiri. Mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu mashariki mwa Kenya yaliua watu 125 kwa sumukuvu. Sumu hiyo hutengenezwa na ukungu unaoota pia kwenye mizizi, mbegu na majani ya dawa. Mwanga unapunguza nguvu ya dawa, ukungu unaweza kuifanya sumu. Mtu akilazimika kuchagua kati ya jua la siku mbili na kivuli cha siku nane zenye mvua, achague jua, asijisikie vibaya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 kuhusu ukulima na uvunaji wa mimea dawa unashauri kivuli kwa ukaushaji wa wazi, lakini unaweka ukavu wenyewe mbele. Kinachoyafaa majani ni tabaka jembamba juu ya wavu ulioinuliwa kutoka chini, upepo ukipita juu na chini, na kitambaa cheusi, hata kaniki, kikitandazwa juu bila kuyagusa. Joto linabaki, mwanga unaondoka. Vikaushio vya jua vilivyojengwa kwa karatasi ya nailoni inayoonyesha vinakausha haraka, ila nailoni ya kawaida hupitisha sehemu kubwa ya urujuanimno. Wanaovitengeneza wangefanya vizuri kuweka kifuniko cheusi kama sehemu ya kifaa, si kama nyongeza.

Kwa kuhifadhi hakuna ubishi wa namna hiyo. Giza halina hasara. Chombo cheusi hakileti ukungu, hakiongezi joto kikiwa ndani ya duka, na bei yake haina tofauti kubwa na ya cheupe. Kanuni za dawa za Marekani zinataka chombo cha kukinga mwanga kisipitishe zaidi ya asilimia 10 ya mwanga wa nanomita 290 hadi 450, na chupa ya kahawia, iliyotiwa chuma na salfa wakati wa kuyeyushwa, inafanya hivyo. Chupa ya buluu, inayopendwa na wauza mafuta kwa uzuri wake, hupitisha mwanga wa buluu na sehemu ya urujuanimno, kwa hiyo uzuri wake ni wa macho tu. Kioo cha dirisha huzuia mionzi mikali kabisa na kuruhusu mingine. Chupa za plastiki za maji, zinazotumiwa tena vibandani kote, hufanya vivyo hivyo. Kopo la bati linafaa. Mfuko wenye utando wa alumini unafaa zaidi kwa unga kwa kuwa unazuia pia unyevu. Hata chupa nyeupe inafaa ikikaa ndani ya boksi lililofungwa.

Najua pingamizi la wauzaji: mteja anataka aone anachonunua. Ana haki, hasa katika soko lenye unga uliochanganywa na pumba. Lakini kuona hakuhitaji shehena nzima ikae juani. Kichupa kimoja cha mfano mbele, mzigo wenyewe nyuma kabatini, na mfano ubadilishwe ukipauka. Wauza bizari wa zamani walikuwa na masanduku ya mbao yenye vifuniko, wakichota kwa kijiko mbele ya mteja, na mteja alinusa, akaona, akalipa.

Ugumu ulio mkubwa zaidi ni wa vibandiko. Chupa nyingi zina orodha ya magonjwa, namba ya simu, na tarehe ya kuisha muda iliyoandikwa kwa kukisia, miaka miwili mbele kama vile kila mmea umekubaliana na mwenzake. Tarehe hiyo haina maana ikiwa haikutokana na kipimo kilichofanywa kwa kifungashio kilekile kinachouzwa. Unga uliopimwa ndani ya kopo ukauzwa ndani ya nailoni inayoonyesha ni kama haukupimwa. Tanzania Bara ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili yenye wataalamu wa kemia ya mimea. Kabla ya maabara kupima mimea mia, baraza linaweza kuanza na sharti lisilohitaji maabara yoyote: unga, mafuta na dawa za maji zisiuzwe kwenye chombo kinachopitisha mwanga, na kibandiko kitaje mwezi wa kuvunwa na mwezi wa kusagwa. Nawe mnunuzi, unapofika dukani, omba chupa ya nyuma, iliyokaa gizani, na uulize ilisagwa lini. Muuzaji asiyejua tarehe hiyo hajui anauza nini.